Mmoja Atoke, Mmoja Abaki

"Nimetoka!"

"Hujatoka!"

"Tajdin, niko nasimama mbele yako! Niko na viatu, niko na kofia. Hauone?"

"Nakuona, bwana, nakuona vizuri sana. Kuona kwangu kuna kazi gani? Kompyuta inasema uko ndani."

"Basi kompyuta yako ni muongo!"

"We! Usinitukanie kompyuta. Hii nimeifunga kwa mikono yangu, waya mmoja mmoja, shingo imenipinda juu ya ngazi. Haijawahi kusema uongo. Muongo ni mtu anayetoka bila kupitisha kadi, halafu anakuja kunipigia kelele asubuhi, chai sijanywa!"

"Mke wangu anatua leo!"

"Nimekusikia! Mtaa wote wa Malton umekusikia!"

Walikuwa kwenye kijiofisi cha vioo kando ya mlango wa wafanyakazi, kwenye ghala la mizigo lililo karibu na uwanja wa ndege, karibu kiasi kwamba kila ndege ikishuka chai ya Tajdin inacheza kwenye kikombe. Tajdin ni Mwismailia wa Mwanza, mfupi, sweta juu ya sweta. Kazi yake ni kufunga mitambo ya milango inayofunguka kwa kadi, na kukaa nayo isichezewe. Hyacinthe, huyu anayegombana naye, ni mtu wa Uvira, mbeba maboksi. Nyuma ya kiti cha Tajdin kuna kioo cha kuangalia ndani ya ghala, na ugomvi ulipofika hapo, Hyacinthe akapita nyuma ya kile kioo na boksi begani.

Huyo alikuwa yule wa ndani. Yule wa nje alimwangalia mpaka akapotelea kwenye mizigo, halafu akaendelea kugomba.

"Umemwona mwenyewe," Tajdin akasema. "Sasa nikaiambie nini kompyuta? Kwamba yule siye?"

"Ni mimi. Sijasema siye. Nasema nitolewe."

Shida yenyewe ilianzia kwenye adabu. Hizi kadi zililetwa baada ya ghala kuchoshwa na watu kuazimana. Mtu akiugua, binamu yake anakuja na kadi yake, anabeba maboksi yake, na jioni anamrudishia kadi kanisani pamoja na pole. Boksi halijui nani kalibeba, kwa hiyo hakuna aliyeona ubaya. Wenye ghala wakaona ubaya. Wakamwambia Tajdin atengeneze mtambo ambao kadi ikishaingia haiingii tena mpaka kwanza itoke. Ukiingia, pitisha. Ukitoka, pitisha. Ukisahau kupitisha wakati wa kutoka, basi wewe bado uko ndani, na taa itakuwa nyekundu mpaka dunia iishe.

Sasa kulikuwa na mama mmoja pale ghalani, Mama Josephine, Mrundi wa Rumonge, mtu mzima, kazi yake kufunga maboksi kwa nailoni. Watu wa ziwa lile la Rumonge na Uvira, upande wowote ule, salamu hawaikati. Ukimshika mkubwa mkono, ule mkono ni wake mpaka aurudishe mwenyewe. Ijumaa moja ya baridi kali, wakati wa kutoka, Mama Josephine alipitisha kadi yake, mlango ukafunguka, na huku ameushika mkono wa kulia wa Hyacinthe. Alikuwa ameshauliza habari za kulala na habari za afya. Zamani wangefuata mbuzi, lakini mbuzi hawana tena, kwa hiyo akauliza habari za basi, na za joto la nyumbani kama mwenye nyumba amelirekebisha. Kisha akaanza ndugu waliobaki kambini Kigoma, mmoja mmoja kwa jina. Kadi ya Hyacinthe ilikuwa mfuko wa kulia. Angefanyaje? Amnyang'anye mama wa watu mkono katikati ya ndugu? Akatoka naye hivyo hivyo, wameshikana, anaitika. Mlango ukajifunga nyuma yao.

Mashine ilihesabu mmoja.

Kwenye basi Hyacinthe alijisikia mwepesi, kama mtu aliyesahau mwavuli mahali. Jumatatu yake alipopitisha kadi, taa ikawa nyekundu. Akachungulia kwenye kioo na kujiona kazini, ameshapanga safu nzima.

Hakuna aliyepiga yowe. Jumapili kanisani watu walimpa pole ya kawaida, ile ya mafua.

"Uliachwa ndani?" Brice akamuuliza. Brice ni mshenga wake, ndiye aliyempelekea barua ya posa kwa kina Pulchérie, mkewe, enzi hizo. "Mimi cheko langu lilibaki kwenye kibanda cha kulipia maegesho, pale nilipofanyia kazi mwanzo. Mpaka leo ukipita usiku wanakwambia kuna mtu anacheka. Sikulifuata. Ningelifuata na nini? Kibanda wameshakihamisha."

Na Mama Josephine, aliyesababisha yote, alimshika tena mkono na kusema, "Mwanangu, nisamehe. Lakini usijitese sana. Mimi usingizi wangu uko kwenye nyumba ya wazee, kule ninakokwenda kuwaogesha Jumamosi. Kuna babu mmoja ndiye anaulala. Anaulala vizuri, namwonaga."

Mshahara uliendelea kuingia, maana kazi ilikuwa inafanyika. Hyacinthe wa nje alibaki na siku nzima mkononi, hana pa kuiweka. Alikaa mtaa wa Lawrence Heights, chumba cha chini, dirisha lake liko usawa wa theluji. Alipotembea theluji haikushika alama ya viatu vyake. Dukani ile milango inayojifungua yenyewe haikujifungua, kwa hiyo alisimama pembeni mpaka aje mtu mwingine, akaingia naye. Dereva wa basi alimfungia mlango mwilini mara kadhaa wala haukumuuma. Alipika ugali, akala wote, njaa ikabaki pale pale ilipokuwa. Kulala ndiyo kabisa: yule wa ndani alikuwa halali, sasa yeye alale kwa mwili gani?

Haya yote angeyavumilia. Kubaya kulikuwa kwenye simu.

Pulchérie mkewe alikuwa kambini Kigoma tangu vita iwatenganishe Uvira, yeye akapanda mtumbwi huu na mumewe akasukumwa kwenye ule. Walikuwa wanaongea Jumapili, kwa simu ya duka moja pale kambini, mwenye duka na foleni nzima wakisikiliza. Baada ya ile Ijumaa, Hyacinthe alipiga kama kawaida, akasema kama kawaida, na upande wa pili akamsikia Pulchérie anasema, "Allô? Allô, Hyacinthe? Ni wewe?" Akajibu ni mimi. "Allô?" Akapiga kelele ni mimi, jirani wa juu akagonga sakafu. "Hakuna mtu," Pulchérie akamwambia mwenye duka. "Naskia upepo tu." Jumapili iliyofuata, upepo. Iliyofuata, upepo. Mara ya mwisho hakuita. Alikaa tu na simu sikioni, na Hyacinthe huku akakaa na yake, mpaka muda ukaisha.

Makaratasi yake yalikuwa yameshaiva na tiketi imeshakatwa. Kwa hiyo alikuwa anakuja. Leo alasiri anashuka uwanja ule pale, na hajui kama kuna mtu wa kumpokea au kuna upepo.

"Nimpokee na nini, Tajdin?" Hyacinthe akasema. Sauti ilikuwa imemwisha. "Atanishika mkono, atakuta nini?"

Tajdin alikunywa chai yake, sasa imepoa. Akasogeza mbele sahani ya kababu ambazo mkewe Nazira alimfungia. Hyacinthe akachukua moja kwa adabu.

"Kukutoa ni kitu kidogo," Tajdin akasema. "Nabonyeza hapa, nabonyeza pale, kwisha. Lakini si mimi mwenye ruhusa. Nimemwomba meneja zaidi ya mara moja. Ngoja, yule anakuja. Vua kofia."

Meneja alikuwa mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Aliongea Kiingereza cha haraka, na Tajdin akakitoa kwa Kiswahili sentensi moja moja.

"Anasema amefurahi kukuona. Anasema wewe ndiye mfanyakazi wake bora. Huchelewi, huendi chooni, huombi likizo ya Pasaka. Anasema tangu ulipokaa ndani moja kwa moja safu yako haijawahi kulala na mzigo."

"Mwambie nataka nitoke."

Tajdin akamwambia. Meneja alifikiri, akaangalia kioo, akaangalia saa.

"Anasema yeye si mtu mbaya. Anasema kama kuna jambo la kifamilia, sawa, leo mmoja atoke. Lakini mmoja abaki. Yupi atoke na yupi abaki, yeye haingilii, hayo ni mambo yenu ya nyumbani." Tajdin akamsikiliza tena. "Na anakutakia kila la heri na mkeo."

Meneja akavaa miwani yake na kuondoka. Alikuwa na kikao.

Tajdin akamega kababu. Halafu akasema, kama mtu anayeelekeza njia, "Mimi nilibaki Mwanza, unajua. Tulipoondoka na baba, tulifunga duka haraka, nikasahau kutoka. Yule wa Mwanza bado yupo kaunta. Msimu wa pamba watu wakiwa na hela, huu mkono wangu unauma kwa kupima sukari."

"Na haukumfuata?"

"Nazira ananiuliza hivyo hivyo. Nitamfuata nimwambie nini? Na yeye atanitazama aseme, huyu mzee wa baridi ni nani?" Akajifuta mdomo. "Haya. Nitakufungulia kwa kitufe changu, uingie bila kadi. Kadi yako utoke nayo, au atoke nayo yeye. Inatoa mmoja, mara moja, na atakayetoka nayo ndiye anayehesabika nje. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi nenda. Na mwanzoni beba boksi moja moja, mgongo usije ukakatika."

Hyacinthe hakuuliza kwa nini amempa ushauri wa kubeba. Tajdin alibonyeza, mlango ukalia, akaingia.

Ndani kulikuwa na joto. Hakuwa amelikumbuka lile joto, na ile harufu ya kadibodi na ya mafuta ya yale magari ya kunyanyulia mizigo. Mama Josephine alimpungia roli ya nailoni, mikono imejaa. Mwisho wa safu, yule mwingine alikuwa anapanga. Alikuwa amejaa mabega, na nywele za pembeni zimeingia mvi, maana siku moja kwake ilikuwa na zamu zote. Shati lake lilikuwa lile la Ijumaa.

"Umekuja," akasema bila kuacha kupanga.

"Nimekuja."

"Umekonda."

"We umenenepa."

"Maboksi haya."

Wakapeana mkono. Wa nje alikuwa na matumaini na ule mkono. Njia nzima kwenye basi alikuwa anajiambia wakigusana tu, basi, watarudi kuwa mtu mmoja, kama maji na maji. Mikono ikashikana na ikabaki miwili. Wakakumbatiana. Wakabanana kwa nguvu, kama watu wanaofunga sanduku lililojaa nguo. Walipoachana bado walikuwa wawili, ila wa nje alikuwa amepata joto kidogo.

"Pulchérie anatua leo," akasema.

Yule wa ndani akaweka boksi chini. Msimamizi alikuwa mbali, lakini hata hivyo aliinua kichwa, kwa sababu hajawahi kumwona Hyacinthe ameweka boksi chini mahali pasipo pake.

"Leo leo?"

"Alasiri. Mmoja wetu anaweza kutoka. Mmoja tu."

"Tusitoke wote? Tushikane?"

"We unadhani?"

"Nishajaribu," wa ndani akakubali. "Nimemfuata Brice alipoleta mzigo na lori la kazini kwake. Nimemfuata Mama Josephine. Natoka kwa mlango ule, najikuta naingia kwa huu wa malori. Bila kadi ni hivyo. Na wewe umeingia bila kadi."

"Ndiyo."

"Basi."

Ndege ikapita juu. Wote wawili wakaangalia bati mpaka sauti ikaisha.

"Nitaenda mimi," wa nje akasema. Alikuwa ameshaipanga hii hotuba. "Mimi ndiye nina ufunguo wa nyumba. Nimenunua blanketi. Nimenunua ile samaki ya kukausha kwa Wafilipino, haifanani na yetu lakini ukifumba macho inafanana. Nimeomba gari la Brice. Mimi ndiye najua basi, najua benki, najua daktari yuko wapi. We unajua nini? Umekaa humu."

"Ni kweli. Nenda wewe."

"Naenda."

"Atakuja na mizigo?"

"Si lazima aje na mizigo? Mama mkwe atakuwa amemfungia mpaka kinu."

"Bon, haya. Nyanyua hilo boksi."

Wa nje akainama, akalikumbatia lile boksi lililowekwa chini, akavuta. Halikunyanyuka. Halikuwa boksi kubwa, lilikuwa la vikombe. Mikono ilipanda, boksi likabaki chini. Akajaribu tena, likabaki.

"Mimi siku ya kwanza nilikuwa hivyo hivyo," yule mwingine akasema, bila kumcheka. "Ukilishika sana, lenyewe linakupa uzito. Kufika mchana lilikuwa limeshanipa wa kutosha."

Wa nje akakaa juu ya boksi. Halikubonyea.

"Sio mizigo tu," akasema baadaye. "Niambie. Sura yake."

"Ya Pulchérie?"

"Mimi nikifumba macho naona picha ile ya makaratasi. Ile waliyompiga ofisini kambini, amekaza shingo. Siwezi kumwona akisogea."

"Kwa sababu una mambo mengi huko nje."

"Mengi sana."

"Mimi humu sina kitu kingine," wa ndani akasema. "Nabeba na yeye kichwani. Anaanza kucheka kabla hajamaliza kusema, unakuta hata hujui anacheka nini. Akiwa na hasira anafagia. Masikio yake yanapata baridi kabla ya mikono, hata kule Uvira, upepo wa ziwa ukitoka tu anaziba masikio. Jina langu analisema kama analivuta na kamba."

Alilisema lile jina jinsi Pulchérie anavyolisema. Mama Josephine, kule mbali, akageuka kuangalia ni mwanamke gani ameingia.

Wa nje akasimama, akavua kofia, akamvalisha mwenzake. Akavua koti, akamvalisha, na halikumtosha vizuri mabegani lakini zipu ilifika. Akampa funguo mbili.

"Huu ni wa mlango wa chini, huu mwingine ni wa geti. Bomba la moto ni la kushoto, lifungue polepole, linatema. Jirani wa juu ni Msomali, mtu mzuri, ukiongea kwa sauti anagonga, usimjibu. Blanketi liko kwenye kochi. Gari la Brice liko karibu na kituo cha basi, lile lenye mlango wa rangi nyingine. Ananingoja humo. Anakungoja."

"Brice atajua?"

"Atajua. Hatasema."

"Masikio," wa ndani akakumbuka. "Umemnunulia kitu cha masikio?"

Wa nje hakuwa amenunua.

"Basi nitampa hii kofia."

"Mpe."

Wa nje akatoa kadi mfuko wa kulia wa suruali na kumkabidhi. Picha juu ya kadi ilikuwa ya mtu mmoja, amepigwa siku yake ya kwanza ya kazi, ametoa macho. Waliiangalia wote wawili. Haikufanana vizuri na yeyote kati yao.

"Na akiniuliza?" mwenzake akasema. "Pulchérie si mtoto. Atakaa siku mbili tatu atajua kuna kitu kimepungua. Nimwambie uko wapi?"

"Mwambie niko kazini."

Mwenzake akaitika kwa kichwa. Neno hilo katika mji huu kila mke analisikia kila siku na hakuna anayelifikiria zaidi. Akavuta kola ya koti juu. Akaanza kwenda, akarudi nusu ya njia.

"Hili la vikombe liende safu ya mwisho. Yale ya juu usiyapange peke yako, ngoja gari la kunyanyulia. Na ukisikia kiu, inapita."

"Nenda, ndege haikungoji."

Akaenda. Alitembea kama mtu mzito, na sakafu ikamsikia. Alipofika kwa Mama Josephine alimpungia kwa mbali tu, na mama akaelewa, akampungia na yeye.

Msimamizi akaita kutoka kwenye malori, "Hyacinthe!"

Wote wawili wakageuka. Aliyebaki ndiye aliyeitika. Akainama, akalikumbatia lile boksi, akalishika sana. Kwenye kioo Tajdin alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Kule mlangoni mwenye koti akapitisha kadi, taa ikawa ya kijani, akatoka, akaufunga mlango.